Je, Watu Wanaweza Kukabidhiwa?



Yako maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyapima. Mojawapo ni neno "kukabidhi". Tunakabidhi ofisi, tunakabidhi funguo, tunakabidhi ghala la pamba mwisho wa msimu. Mara nyingine tunasema pia kwamba tumekabidhi watu. Mchungaji anayehama husema amekabidhi parishi. Mzazi husema amemkabidhi mwanawe kwa mjomba. Swali ninaloleta mbele yenu ni hili: je, mtu aweza kukabidhiwa kama funguo zinavyokabidhiwa? Na kama hawezi, basi tunafanya nini hasa tunapomtoa mtu mkononi mwetu na kumtia mkononi mwa mwingine?

Swali hili si la vitabuni tu. Linatuhusu sisi Waanglikana wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu kwa namna ya pekee, kwa sababu ya mahali palipo karibu nasi panapoitwa Nassa.

HABARI YA NASSA

Atokaye Bariadi kwa njia ya Lamadi hushuka mpaka ziwani, kisha akigeuka kuelekea Mwanza hupita nchi ya Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, katika wilaya ya Busega. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa ndani ya basi, tukitazama maji upande mmoja na mashamba ya pamba upande mwingine, bila kufikiri kwamba hapo palikuwa na kituo cha kanisa letu kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Wamisionari wa C.M.S. walifika pwani ya kusini ya ziwa mwezi Januari 1877, pale Kageye, wakiwa safarini kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Safari hiyo ilikuwa ya gharama kubwa. Daktari John Smith alikufa hapo Kageye mwaka huo huo wa 1877. Mwezi Desemba wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Baadaye kituo kilifunguliwa Usambiro, na huko nako yakaongezeka makaburi: Askofu Henry Parker alikufa mwaka 1888, na Alexander Mackay, fundi na mwalimu aliyefukuzwa Buganda, alikufa mwezi Februari 1890. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19 kazi ya C.M.S. upande huu wa ziwa ilikuwa imewekwa Nassa. Kituo kilihesabiwa katika misheni ya Uganda, na waalimu Wakristo kutoka Buganda walivuka maji kuja kuwafundisha Wasukuma.

Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1886 na yale ya mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, Nassa ikawa upande wa Wajerumani, na Uganda ikawa upande wa Waingereza. Kituo kikabaki peke yake, huku mama yake yuko ng'ambo ya ziwa, chini ya bendera nyingine.

Mwaka 1909 C.M.S. iliikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission, yaani A.I.M. Chama hicho kilikuwa kimeanza kazi Ukambani, nchini Kenya, mwaka 1895. Emil Sywulka alikuwa miongoni mwa wamisionari wake wa mwanzo hapo Nassa. Kutokana na kazi hiyo lilitokea kanisa la Africa Inland, ambalo leo lina washarika wengi katika Usukuma, pamoja na shule na hospitali kama ile ya Kolandoto, Shinyanga. Sisi Waanglikana tulirudi katika nchi hii baadaye. Dayosisi ya Victoria Nyanza ilianzishwa mwaka 1963, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maxwell Wiggins.

Hiyo ndiyo habari kwa kifupi. Ni kwa sababu yake, pengine kwenye arusi au kwenye matanga, utasikia mzee wa kwetu akimwambia ndugu wa A.I.C. kwa utani: "Ninyi mmeanza kwetu." Naye hujibu: "Mlituachia, sasa mnadai nini?" Watu hucheka. Lakini ndani ya utani huo mna swali la kweli, na yafaa tulitoe nje tulitazame.

SENTENSI MOJA

Niruhusuni nitumie chaki kidogo. Tuiandike sentensi yetu ubaoni: "C.M.S. iliikabidhi Nassa kwa A.I.M." Tuwaulize watoto wa darasa la sita: mtendaji ni nani? Watajibu: C.M.S. Aliyepokea ni nani? A.I.M. Kilichokabidhiwa ni nini? Nassa. Sasa tuwaulize swali la nne: na watu wa Nassa wako wapi katika sentensi hii? Hapo darasa litanyamaza. Watu wamefichwa ndani ya jina la mahali, pamoja na nyumba, kengele, miti na shamba.

Najua kwamba sarufi si historia. Lakini namna tunavyosimulia jambo huonyesha tunavyolifikiri, na kwa miaka zaidi ya 100 tumelisimulia jambo hili kwa sentensi ile ile, sisi na ndugu zetu wa A.I.C., bila hata mmoja wetu kuuliza swali la nne.

Kila mwalimu aliyewahi kuwa mkuu wa shule anaijua hati ya makabidhiano. Unapohamishwa, unakaa na mwenzako anayekuja, mnahesabu: madawati kadhaa, majembe kadhaa, vitabu vya hesabu, mpira mmoja, kengele moja. Kila mmoja anatia sahihi. Kitu kikipotea baadaye, mwenye sahihi ataulizwa. Idadi ya wanafunzi nayo imo, lakini haimo katika orodha ya vifaa. Wanafunzi wana rejesta yao, na katika rejesta kila mmoja ana jina lake. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayetia sahihi kwamba amepokea watoto 300 pamoja na madawati 100, kana kwamba vyote ni mali ya aina moja. Hata serikali, yenye kupenda karatasi, imeona kwamba mtoto na dawati havikai safu moja.

Wafugaji wetu nao wanajua habari hii. Mtu aweza kumwekea rafiki yake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hukama maziwa, na mwenye mali hubaki mwenye ng'ombe na ndama wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka habari mapema, pamoja na uthibitisho, ili asishukiwe. Desturi hiyo imejenga urafiki wa nyumba nyingi. Lakini ng'ombe haulizwi kama anataka kuhama, wala haelezwi kwa nini anahamishwa, wala hasimami siku moja akauliza, "Kwa nini mliniacha?" Mtu huuliza. Asipouliza kwa kinywa, huuliza moyoni, na watoto wake huendelea kuuliza.

Tumfikirie, kwa mfano tu, mama mmoja wa Nassa katika mwaka ule wa 1909. Amefundishwa kusali kwa Kitabu cha Sala. Mtoto wake mchanga amebatizwa, naye anangoja siku ambapo askofu atavuka ziwa kuja kumwekea mikono. Kisha wanakuja waalimu wapya, watu wema wanaompenda Bwana. Lakini hawana askofu, hawasali kwa kitabu, nao hubatiza waaminio waliokwisha kufikia umri wa kujua, kwa kuwazamisha majini. Je, mtoto wake amebatizwa au hakubatizwa? Kipaimara alichokingoja kimekwenda wapi? Yule mwalimu wa kwanza aliyemwambia kwamba hivi ndivyo Wakristo wafanyavyo, alisema kweli au hakusema kweli? Kwa vyama viwili mambo haya yangeweza kumalizwa kwa barua. Kwa mama huyu ni mambo ya wokovu wa nyumba yake.

MIJI SABA YA MTO URUGUAY

Ili tulione jambo hili katika ukubwa wake wote, na tuvuke bahari kidogo mpaka Amerika ya Kusini. Huko nako kuna miji iliyozaliwa na misheni, na mmoja wao ni São Borja, mji mdogo nchini Brazil, kwenye ukingo wa mto Uruguay. Mji huo ulianzishwa mwaka 1682 na mapadre Wajesuiti waliotumwa katika himaya ya Hispania. Waliwakusanya Waguarani, wenyeji wa nchi ile, wakae pamoja: kanisa katikati, nyumba kwa safu, mashamba, makundi ya ng'ombe, na mafundi wa kila kazi. Upande huo wa mashariki wa mto ilikuwako miji saba ya namna hiyo.

Mwaka 1750 wafalme wa Hispania na Ureno walipatana huko Madrid juu ya mipaka yao. Miji ile saba ilipewa Ureno. Waguarani wapatao 30,000 waliamriwa kuacha makanisa waliyoyajenga na mashamba waliyoyalima, wavuke mto na kutafuta mahali pengine. Tena Wareno ndio hasa waliokuwa wakiogopwa na watu wale, maana tangu zamani walitoka upande wao watu waliowateka Waguarani kuwa watumwa. Mapadre walipopinga, wakubwa wa shirika lao waliwaamuru watii na kuwahimiza watu wahame.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo wenye mapatano hawakulitazamia. Waguarani walijibu. Walikuwa wamefundishwa kusoma na kuandika kwa lugha yao, na mwaka 1753 viongozi wa miji hiyo walimwandikia gavana wa Buenos Aires barua kwa Kiguarani, wakimweleza kwamba nchi ni yao na kwamba hawakumkosea mfalme hata wastahili kufukuzwa. Barua hizo zipo hata leo. Hazikusikilizwa. Vita vikapiganwa. Mwezi Februari 1756 kiongozi wao mmoja, Sepé Tiaraju, aliuawa, na siku chache baadaye, mahali paitwapo Caiboaté, waliuawa Waguarani wapatao 1,500 kwa siku moja.

Na mwisho wake? Mwaka 1761 wafalme waliyafuta mapatano yale, miaka mitano tu baada ya Caiboaté. Karatasi iliandikwa, karatasi ikafutwa, na waliokufa wakabaki wamekufa. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuiti wenyewe katika nchi zake zote. Waliobaki ni Waguarani, wale ambao hakuna aliyewauliza.

Wahenga wetu walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Habari ya Uruguay yatufundisha zaidi ya hayo: hata fahali wawili wakipatana, nyasi zaweza kuumia, ikiwa mapatano yao ni juu ya mahali pa kulala.

PINGAMIZI LA HAKI

Msomaji atasema: mwalimu, huo si mfano wa haki. Nassa hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwake. Hakuna damu iliyomwagika. Vyama viwili vya Kikristo vilipatana kwa amani ili Injili isikose mtu wa kuihubiri. Je, ingekuwa afadhali kituo kife kwa kukosa waalimu kuliko kukitoa kwa wengine wenye nguvu?

Pingamizi hilo ni la kweli, nami nalipokea lote. Kushika kitu usichoweza kukilisha, kwa sababu tu ulikianzisha wewe, si uaminifu, ni choyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, lakini akuzaye ni Mungu, na kwamba apandaye na atiaye maji wote si kitu mbele ya huyo (1 Wakorintho 3:5-9). Matunda yaliyopatikana Usukuma baada ya mwaka 1909 yanaonyesha kwamba Mungu hakuiacha mbegu ile kwa sababu bwana shamba alibadilika. Kwa hiyo sisemi kwamba ilikuwa kosa kukabidhi kazi. Kazi hukabidhiwa, na yule asiyejua kukabidhi hajui kazi.

Nasema tu kwamba kazi ni kitu kimoja na watu ni kitu kingine, na kwamba wema wa nia haututoshi. Wengi wenu mliofikia umri wangu mnakumbuka mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipopita katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji na zahanati karibu na watu. Watoto wengi walipata shule kwa sababu hiyo. Hata hivyo wako wazee waliokaa katika nyumba mpya miaka mingi huku mioyo yao imebaki kwenye mahame, kwenye mti uliopandwa na baba na kwenye kaburi la mama. Walichokosa hasa hakikuwa nyumba. Walikosa kuulizwa. Mtu aweza kutendewa jema na bado akadhulumiwa, ikiwa jema hilo limepita juu ya kichwa chake kama mzigo unavyopita juu ya kichwa cha punda.

MILETO NA MSALABANI

Basi je, Maandiko yanatuonyesha namna iliyo njema ya kumtoa mtu mkononi mwako? Naam, yanatuonyesha.

Someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo anajua kwamba hataonana tena na kanisa la Efeso. Hamwandikii Petro barua, "Ninakukabidhi Efeso." Anawaita wazee wa kanisa lile waje Mileto, watu wenyewe wa mahali penyewe, anasema nao uso kwa uso. Anawaeleza anakokwenda na kwa nini. Anawaambia wazi kwamba hatari zinakuja. Kisha anawaweka mikononi mwa Mungu na mwa neno lake. Halafu wanapiga magoti pamoja, wanalia. Hakuna hati ya makabidhiano inayoonyesha machozi, lakini machozi yale ndiyo uthibitisho kwamba hapo palikuwa na watu, si vifaa.

Tena someni Injili ya Yohana, sura ya 19. Bwana wetu akiwa msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kukata shauri peke yake saa ile, ni yeye. Lakini tazameni anavyofanya. Hamwambii mwanafunzi peke yake kwamba amtunze mwanamke huyu. Anasema na wote wawili, na anaanza na mama. Yeye anayekabidhiwa ndiye anayesemeshwa kwanza. Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Katika maumivu yale, pumzi ikiwa kidogo, Bwana hakuona kwamba maneno kwa mama ni maneno ya ziada.

Kutokana na hayo naona mambo matatu.

La kwanza, aliye mtu hukabidhiwa kwa kusemeshwa. Aelezwe, aulizwe, apewe nafasi ya kulia na ya kukataa. Ruthu aliambiwa na Naomi arudi kwao, akakataa, na kukataa kwake kukawa baraka kwa Israeli yote. Kama Naomi angepanga jambo lile na wazee wa Moabu, pasipo Ruthu kusikia, tusingekuwa na kitabu cha Ruthu.

La pili, ninachotoa ni utumishi wangu, si umiliki. Kundi si langu hata nilitoe, wala si lako hata ulipokee. Mchungaji wa zamani anatoa zamu, na mchungaji mpya anapokea zamu. Mwenye kondoo ni mmoja tangu mwanzo.

La tatu, anayekabidhi hanawi mikono. Pilato ndiye aliyemtoa mtu kisha akanawa. Paulo aliendelea kuwaombea na kuwaandikia wale aliowaacha. Ukimpeleka mtu kwa mwingine, deni lako kwake hupungua, lakini halifutiki.

WALIOKABIDHIWA NDIO WALIOBAKI

Sasa turudi Nassa na ule utani wa arusini. "Ninyi mmeanza kwetu." "Mlituachia." Nani ana haki?

Kwa maoni yangu hakuna. Kila mmoja wao anaitetea ile sentensi ya ubaoni, mmoja akidai kwamba yeye ndiye mtendaji, mwingine kwamba yeye ndiye mpokeaji. Lakini waliolijenga kanisa pale Nassa ni watu wa swali la nne. Wamisionari wa C.M.S. walikuja wakaondoka. Wamisionari wa A.I.M. nao walikuja, wakafanya kazi yao njema, wakazeeka. Bendera ya Wajerumani ilishuka, ya Waingereza ikapanda, nayo ikashuka mwaka 1961. Mwaka 2012 hata mkoa ulibadilika, na watu wa Busega waliolala Mwanza wakaamka Simiyu bila kuhamisha chungu. Katika mabadiliko hayo yote, nani alikuwa akiamka asubuhi kufagia nyumba ya Mungu? Nani aliwafundisha watoto kuomba kabla ya kula? Ni akina mama na akina baba wa Nassa, ambao majina yao hayamo katika vitabu vyetu. Waliozoea kusali hivi wakajifunza kusali vile, na imani yao haikuvunjika. Waliokabidhiwa ndio waliobaki, na waliobaki ndio waliolea.

Kwa hiyo Mwanglikana akidai kwamba Nassa ni yake, anadai kitu ambacho hata C.M.S. haikuwa nacho. Na ndugu wa A.I.C. akidai kwamba alipewa, amepewa na mtu asiyekuwa mwenye mali. Paulo aliwauliza Wakorintho waliokuwa wakijigawa kwa majina ya waalimu wao kama Kristo amegawanyika (1 Wakorintho 1:12-13). Swali hilo linatosha kwetu pia. Kuwa wa kwanza kufika ni neema ya kushukuru. Si hati ya shamba.

NYUMBANI KWETU

Nisingeandika haya yote kama yangekuwa mambo ya mwaka 1909 tu. Nayaandika kwa sababu kukabidhi watu bila kusema nao ni dhambi inayokaa vizuri sana katika nyumba za Wakristo, nayo huvaa nguo safi.

Mvua inakosekana, pamba haikufaa, nyumba ina watoto wengi. Anakuja jamaa kutoka Mwanza, mtu mwenye heshima, anahitaji msichana wa kazi. Wazazi na mgeni wanazungumza, chai inanywewa, mapatano yanafanyika. Binti wa miaka 14 yuko nje anaosha vyombo. Jioni anaambiwa, "Kesho utakwenda na shangazi." Labda shangazi ni mwema. Labda binti atasomeshwa. Lakini nani alimsemesha? Na akisha kuondoka, nani atakwenda kumwona, amuulize akiwa peke yake kama analala vizuri na kama hakuna anayemtesa? Ndugu zangu, tunahesabu ng'ombe tuliowaweka kwa rafiki kwa uangalifu kuliko tunavyowahesabu binti zetu tuliowaweka mijini. Ng'ombe akifa tunataka uthibitisho. Binti akinyamaza mwaka mzima tunasema yuko kazini.

Au mmezeekewa na baba. Watoto wanakutana, na huo ni wema, maana wengine hawakutani kabisa. Wanapanga: miezi minne kwa mkubwa, miezi minne kwa wa pili, miezi minne kwa yule aliyeolewa Maswa. Mzee amekaa palepale kwenye kiti chake, anasikia miezi yake ikigawanywa kama magunia. Masikio yake hayajafa. Labda angekubali kila neno. Labda angeomba jambo dogo tu, kwamba miezi ya kilimo aiache akae aone shamba lake. Lakini hakuna aliyegeuza uso kumtazama.

Na katika parishi zetu? Mtaa unagawanywa, na mstari unachorwa kwenye ramani katika kikao. Mwinjilisti anahamishwa, na wakristo wanapata habari Jumapili wakati wa matangazo, baada ya tangazo la mchango wa mabati. Sisemi halmashauri isikate mashauri. Kanisa lisilo na taratibu haliendi. Lakini Mileto ni njia ndefu kuliko barua, na Paulo alichagua njia ndefu.

Mtu atasema kwamba kuulizana kunachelewesha kazi. Ni kweli, kunachelewesha. Hata kumfundisha mtoto kunachelewesha kazi, maana ungeweza kuifanya hesabu mwenyewe kwa dakika moja. Lakini mwalimu anayewafanyia watoto hesabu zote ana darasa lenye madaftari safi na vichwa vitupu.

Basi, wapenzi wasomaji, kabla ya kumtoa mtu mkononi mwako, awe mtoto, mzee, mgonjwa, mfanyakazi au kundi la Bwana, jiulize maneno matatu. Je, nimesema naye mwenyewe, uso kwa uso, na kumngoja ajibu? Je, ninatoa zamu yangu, au ninajifanya mwenye mali? Je, baada ya kumtoa nitamwendea, au nitanawa mikono?

Na tukikutana na ndugu zetu wa A.I.C., kwenye arusi au kwenye matanga, utani tuendelee nao, maana utani ni afya ya majirani. Lakini baada ya kucheka tuwashukuru pamoja wale watu wa Nassa ambao hawamo katika sentensi. Wao walihamishwa kutoka mkono hadi mkono wasitoke katika mkono wa Mungu. Na atupe neema hiyo sisi pia, na atuzuie tusimhamishe mtu yeyote kana kwamba hana masikio.